Mashavu ya Taifa

Kaeni vizuri, na aliyeacha kitu jikoni akaepue kwanza, kisije kikaungua halafu tukalaumiana.

Palikuwa na nchi moja, si mbali sana wala si karibu. Jina lake tuliache lilivyo, maana mtu wa mwisho kulitaja alikwenda kuhojiwa kidogo tu, na mkewe mpaka leo anamfunikia chakula. Ilikuwa nchi nzuri. Ilikuwa na amani, ilikuwa na bendera, na ilikuwa na Baba Mlezi, kiongozi aliyewapenda wananchi wake kiasi kwamba hata kijiko hakupenda wakishike bila yeye kujua.

Mwaka mmoja Baba Mlezi alialikwa ng'ambo kwenye mkutano mkubwa wa kujadili binadamu wale nini ili miili ipate afya na dunia isiharibike. Alikwenda kwa ndege mbili. Moja ilimbeba yeye na wajumbe wake, na ya pili ilimbeba mpishi wake na mbuzi, kwa sababu huwezi kujua wenzetu wanalisha wageni nini. Mkutanoni alisinzia vizuri, kama mtu mzima anayejiheshimu, akaamka saa ya chakula. Mbele yake kulikuwa na sahani nyeupe, katikati ya sahani jani moja. Akaligeuza kutafuta nyama chini yake. Hapakuwa na nyama.

"Hiki ni nini?" akauliza.

"Hiki, Mheshimiwa, ndicho chakula cha kesho," mwenyeji wake akamjibu.

"Sawa. Na cha leo kiko wapi?"

Lakini jani lile lilimkaa moyoni. Aliporudi, akiwa bado kwenye ngazi ya ndege, alitangaza kwamba kuanzia siku hiyo taifa zima litakula kijani. Hapo hapo akaunda Wizara ya Mlo Bora na Hewa Safi, akaikabidhi kwa Waziri Makwinya, mtu msomi sana, ambaye mwanzoni alikuwa Waziri wa Reli mpaka reli zilipokwisha.

Katika mtaa wa Kisimani aliyepiga makofi kuliko wote alikuwa Mama Chausiku. Na kwa nini asipige? Nyuma ya nyumba yake mchicha ulikuwa umeota kwenye magunia makuukuu. Matembele yalitambaa kule maji ya kuogea yanakoelekea, kunde zilipanda uzio, na mlenda ulijiotea wenyewe bila kuombwa. Alipika dagaa kwa karanga, akasonga ugali wa mtama, na Ijumaa alitwanga kisamvu akakiunga kwa nazi. Maganda aliwapa kuku, mavi ya kuku akayarudisha kwenye mchicha. Nyama waliiona sikukuu, wakasalimiana nayo, ikapita.

"Mwenzangu, sisi si tumeshashinda?" alimwambia jirani yake Bi Mwanakombo, kupitia uzio. "Miaka yote tunakula majani, leo ndiyo serikali inaamka."

Bi Mwanakombo alikuwa mjane mwembamba, mkavu kama ufito, na hakuna kitu kilichokuwa kikimshangaza. "Ngoja kwanza, Mama Chau," akasema. "Serikali ikikupenda ghafla, kahesabu kuku wako."

Sasa, Mama Chausiku alikuwa na mtoto mmoja tu, binti, aliyempata baada ya kuhangaika hadi majirani wakachoka kumuonea huruma. Ndiye huyo Chausiku. Alikuwa ndiyo kwanza ameanza shule, na Mungu alikuwa amempa mashavu. Si mashavu ya kawaida. Yalikuwa mashavu ya maandazi yaliyoumuka, yale ambayo mpita njia akiyaona mkono unamwasha. Na mama yake aliyaogopa mashavu yale kuliko alivyoogopa moto. Kila asubuhi, kabla mtoto hajatoka, alipitisha kidole chini ya sufuria akampaka masizi kwenye paji la uso, jicho la mtu likija lianzie hapo. Na mtu akisema, "Mtoto amenona huyu!" yeye hujibu upesi, "Ana minyoo."

Tena mama huyo alikuwa na sauti. Mtoto yule tangu anatambaa alikuwa akiokota kila kitu na kukitia mdomoni, udongo, kifungo, mende, na mama yake akiona tu, hupaza sauti: "Tema!" Neno hilo lilisikika hadi msikitini. Lakini si yeye peke yake. Katika nchi ile kila mama alilea kwa neno hilo, na watoto wengi walilijua kabla hawajajua kusema "mama".

Basi wiki chache baada ya makofi, Afisa Mlo wa Kata alifika Kisimani. Aliitwa Bwana Kipunguni. Alivaa koti la kijani, viatu vya kijani na miwani ya kijani, kwa hiyo kila alichokitazama kilikuwa kimeshapita ukaguzi, isipokuwa alipoivua.

Mbele ya bustani ya Mama Chausiku akaivua.

"Hiki nini, mama?"

"Mchicha, Bwana Afisa. Karibu. Kijani hicho."

"Naona ni kijani. Nauliza, ni kijani kilichothibitishwa?"

"Kimethibitishwa na nani tena? Mimi nakila, mtoto anakila, kuku anakila."

Bwana Kipunguni akacheka kwa huruma, kama mtu anayemfundisha mzee kusoma. Akaeleza kwamba kijani cha kweli kina stika. Kinalimwa ng'ambo ndani ya nyumba ya kioo, kinaoshwa kwa maji ya chupa, kinatiwa ndani ya boksi la plastiki, boksi linatiwa ndani ya mfuko wa plastiki, na mfuko unapandishwa ndege usiku huo huo ili ufike ukiwa mbichi. Yote hayo ni kwa ajili ya kuyalinda mazingira.

"Na hii plastiki mtaipeleka wapi?" Mama Chausiku akauliza.

"Hapa," akasema afisa, akionyesha palipo na mchicha. "Ndiyo maana lazima tupasafishe."

Huku akieleza, mkono wake wa kushoto ulikuwa ndani ya ungo wa karanga uliokuwa kizingitini, unachota na kupeleka mdomoni taratibu, kwa uchunguzi. Chausiku naye alikuwa amekaa pembeni, ameng'oa kifungo cha sare yake, anakimumunya. Mama yake akakiona.

"Tema!"

Chausiku akatema kifungo. Bwana Kipunguni akatema karanga. Wote wawili wakabaki wametazama chini, mikono nyuma.

Afisa ndiye aliyezinduka kwanza. Kwa hasira za kuaibika akavuta mchicha wote na mizizi yake, akavuta matembele, akavuta kunde, akafunga mzigo mmoja mkubwa. "Huu ni ushahidi," akasema. "Nauchukua." Alipofika barabarani akasimama, akageuka, akauliza kwa sauti ya chini: "Hizi kunde, mama, huwa unaziunga na nazi au karanga?"

"Karanga," akasema Mama Chausiku, machozi yakimlengalenga.

"Nilidhani hivyo."

Na hapo ndipo alipoona. Kifungo kilipotemwa, Chausiku alijifuta uso kwa mkono, na masizi yote yakaondoka. Bwana Kipunguni akatua mzigo. Akarudi, akainama, akanyoosha vidole viwili.

"Mashavu haya!"

"Ana minyoo, Bwana Afisa! Minyoo mingi!"

"Mashavu haya," alirudia afisa, kama mtu aliyeota, "ndiyo anayoyatafuta Waziri."

Hapa inabidi tueleze, ili asibaki mtu nyuma. Wizara ilitaka kujua kama wananchi wameanza kupata afya. Ikanunua mizani ya kila kata, lakini mizani ile ikawa nzito mno, ikashindikana kuteremshwa kutoka melini, ikarudi ilikotoka. Waziri Makwinya akajifungia ofisini, akatafakari, akatoka na Kipimo cha Shavu. Afisa anashika shavu la mwananchi kwa vidole viwili na kulivuta. Vidole vikijaa, mwananchi ana afya na mazingira yamepona. Vidole vikigonga jino, mwananchi huyo ni mhujumu wa lishe, anapelekwa Darasa la Kutafuna. Kule watu walikaa kwa mistari kwenye mabenchi, wakatafuna midomo ikiwa mitupu kutwa nzima, na mwalimu akipita katikati na rula: "Polepole! Wewe mzee, unameza haraka! Mwili haujui kwamba hamna kitu!"

Mashavu yaliyojaa yalikuwa adimu, maana boksi lenye stika liligawiwa moja kwa nyumba, na ndani yake mlikuwa na jani la saladi, na juu ya jani maelezo ya namna ya kulitafuna. Kwa hiyo Waziri alihitaji mtoto wa kuonyesha. Jioni hiyo hiyo gari la kijani likaja Kisimani.

"Mtoto wako amechaguliwa kuwa Mtoto wa Mfano wa Taifa," walimwambia Mama Chausiku. "Hongera. Toa mkono mlangoni, utabanwa."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mama Chausiku alilifukuza gari lile hadi kandambili zikakatika, na Bi Mwanakombo ndiye aliyekwenda kumwokota njiani akamrudisha amemshika kiuno.

Haukupita muda, picha ikabandikwa kila ukuta wa nchi: Chausiku na mashavu yake, mkononi boksi la plastiki, chini maneno makubwa, NIMESHIBA KIJANI. Watu walisimama wakaitazama, wakameza mate. Mashavu yale yalijengwa na mlenda, dagaa na ugali wa mtama, lakini picha haina mdomo.

Mama Chausiku aliruhusiwa kumwona mtoto siku za wageni, katika Nyumba ya Mfano, jumba jeupe lililozungukwa na ukoka wa kumwagiliwa. Mara ya kwanza alikwenda na chupa ya chai. Askari wa getini akaifungua, akainamisha, kikatoka kitu cha kijani kilichovutika kama ute, kikaning'inia, kisikatike.

"Chai gani hii?"

"Ya uzazi, baba."

"Unaenda kumwona mtoto mdogo na chai ya uzazi?"

"Anakua, baba. Ajiandae."

Askari akadondoshea tone kwenye kiganja, akalamba. Akadondosha tena. Mwisho akainua chupa nzima, akagugumia mlenda wote na dagaa wake, akajifuta. "Chai hii," akasema, "inahitaji uchunguzi zaidi. Ukija tena lete na ugali."

Ndani, Chausiku alikuja mbio na kumshika mama yake magotini. "Shikamoo mama. Umeniletea mlenda?"

"Marahaba mwanangu. Nimeuleta... umebaki getini." Akamshika uso. Shavu lilikuwa limeanza kulegea, kama puto la sikukuu siku ya tatu. "Wanakulisha nini humu?"

"Jani. Asubuhi jani, mchana jani. Jioni tunasoma maandishi ya kwenye boksi." Mtoto akaangalia nyuma, akanong'ona: "Matroni na wenzake wanakula nyama. Wakitaka kula wanaziba mlango na taulo, harufu isitoke."

"Na Waziri akija kukushika shavu?"

"Wamenifundisha. Tazama." Chausiku akavuta pumzi, akafunga mdomo, akajaza upepo. Mashavu yakarudi palepale, mawili, ya maandazi. Kisha akapumua, fuuu, yakaanguka. "Ila nikipuliza siwezi kusema, mama. Waziri akiniuliza kama nimeshiba namwambia mmmh."

Mama Chausiku alirudi nyumbani akilia. Lakini binadamu ni binadamu. Siku ile ile Bwana Kipunguni alikuwa akipita nyumba hadi nyumba akishika mashavu, na Bi Mwanakombo, maskini, hata ukimshika shavu akiwa usingizini unagonga jino. Alishaanza kufunga kanga zake za kwenda nazo Darasani. Mama Chausiku akamsogelea uzioni.

"Shoga, jaza upepo."

"Nijaze wapi?"

"Mdomoni. Funga, jaza, nyamaza."

Bi Mwanakombo akajaza. Afisa akaja, akavua miwani, akashika, akashika na la pili, akaondoka akitikisa kichwa. Bi Mwanakombo akamwambia muuza mkaa, muuza mkaa akawaambia wa sokoni, na wa sokoni huwaambii kitu kikabaki sokoni. Kabla mvua hazijafika, nchi nzima ilikuwa imejaa upepo.

Ilikuwa raha kuitazama. Watu walitembea mitaani na mashavu kama wapiga tarumbeta. Sokoni wakauziana kwa vidole. Misibani wakalia kwa pua. Palikuwa na harusi ya binti mmoja, Mwanaidi, huko Kisimani, shehe alipomuuliza kama amekubali kuolewa na Bwana Fulani, na maafisa wa mlo walikuwa wamekaa mkekani wakichunga mashavu, binti akasema, "Mmmh." Akaandikiwa amekubali, akaolewa.

Na maafisa walipopita kuuliza, "Wananchi, mna malalamiko yoyote kuhusu mlo wenu?" watu wote wakajibu, "Mmmh." Taarifa ikaandikwa kwamba malalamiko yamekwisha nchini. Baba Mlezi aliposomewa alifurahi, akaagiza mbuzi mwingine.

Lakini kuna jambo Mama Chausiku hakulipigia hesabu. Waziri Makwinya alipoona kila mtu ana mashavu, akasema Mtoto wa Mfano hawezi kuwa na mashavu kama ya muuza mkaa. Lazima yake yawazidi. Basi mtoto akaamriwa apulize zaidi, apulize asubuhi hadi jioni, apumue kwa pua tu, na akilala matroni amkague. Mama Chausiku alipokwenda kumwona mara nyingine, Chausiku hakusema neno. Alimtazama tu, mashavu yamevimba, macho yamezama, na shingo imekuwa kama bua la mtama. Alipotaka kumkumbatia, mtoto alirudi nyuma, asije akabanwa upepo ukatoka.

"Mimi ndiye niliyemfanyia mwanangu hivi," Mama Chausiku alimwambia Bi Mwanakombo jikoni, mlango umefungwa, mashavu yameshuka. "Hiyo Siku ya Mashavu ya Taifa wanayomwandalia uwanjani, hafiki jioni, Bi Mwanakombo. Nakuambia hafiki."

"Utafanya nini na wewe? Ukifumbua mdomo wako uwanjani, wakaona shavu lako lilivyo, unakwenda kutafuna mpaka uzeeke. Mdomo uliponza kichwa."

Mama Chausiku alikuwa anachezea fundo la pembe ya kanga yake, mlimokuwa na mbegu za mchicha alizoziokota siku ile bustani ilipong'olewa.

Siku ya Mashavu ya Taifa ikafika. Uwanja ulijaa watu, na watu walijaa upepo. Wageni wa ng'ambo walikaa chini ya miavuli, wamekuja kuona nchi iliyoiokoa dunia kwa kula. Jukwaani alikaa Baba Mlezi, kitambaa kimefunika mdomo, na nyuma ya kitambaa taya lilikuwa likienda taratibu, likipumzika, likienda. Mbele yake, juu ya stuli, akasimamishwa Chausiku, gauni la kijani, soksi ndefu za kijani zilizojazwa pamba, na mashavu makubwa kuliko yote yaliyopata kuonekana katika nchi ile.

Waziri Makwinya akapanda kuhutubia.

"Ndugu wananchi, na ninyi ndugu wageni! Mataifa mengine yanapanda miti. Sisi tumepanda mashavu! Shavu limekuwa bendera, na bendera imekuwa shavu! Tumewauliza wananchi wetu kama wana njaa, nao kwa kauli moja wamesema nini?"

"Mmmmmh," ukasema uwanja mzima.

"Mmesikia wenyewe!"

Wageni wakaandika. Hotuba ikaendelea, ikapita kwenye historia ya kijani, kijani katika mapambano ya uhuru, mchango wa Baba Mlezi katika kugundua jani. Jua likapanda. Na Mama Chausiku, aliyekuwa amebanwa mstari wa mbele, mashavu yamejaa kama wenzake, hakusikia hata neno. Alikuwa anamtazama mwanawe. Aliona goti linatetemeka ndani ya soksi. Aliona midomo inabadilika rangi. Aliona macho ya Chausiku yanapanda juu polepole, yanabaki meupe, yanarudi, yanapanda tena.

Akageuka kulia. Bi Mwanakombo alikuwa ameona. Akageuka kushoto. Muuza mkaa alikuwa ameona. Mstari mzima ulikuwa umeona, hata Bwana Kipunguni aliyesimama mbele yao na fimbo alikuwa ameona, na kila mmoja alikuwa na upepo mdomoni, na kila mmoja alikuwa anauchunga upepo wake.

Stuli ikayumba.

Mama Chausiku hakufikiri. Angefikiri angeogopa, na alikuwa mwoga tangu kuzaliwa. Mdomo wake ulifunguka wenyewe, likatoka neno alilolizoea.

"TEMA!"

Mashahidi wanasema lilisikika bandarini. Chausiku akatema. Fuuu, upepo ukamtoka, akavuta hewa ya kweli, akaketi chini, kando ya stuli, akikohoa. Lakini neno lile halikuishia kwa Chausiku. Uwanja ule mzima, mkubwa kwa mdogo, ulikuwa umelelewa na mama. Lilipowafikia masikioni hawakuuliza nani kasema wala kwa idhini ya nani. Walitema. Bi Mwanakombo akatema, muuza mkaa akatema, Bwana Kipunguni akatema, polisi wakatema, bendi ya matarumbeta ikatema. Ukavuma upepo ambao idara ya hali ya hewa haikuwa imeutangaza. Bendera zilizokuwa zimelala zikapepea, miavuli ya wageni ikapinduka, karatasi za Waziri zikaruka zikaenda zake. Na uwanja ukapungua. Waliokuwa wamejaa wakawa wana nafasi ya kukaa, nguo zikawaning'inia, nyuso zikabaki mifupa na macho.

Na Baba Mlezi naye alikuwa na mama, Mungu amrehemu. Kitambaa kikafunguka. Pande la nyama ya mbuzi, lenye mafuta yake, likaruka, likadunda kwenye ngazi ya kwanza, likashuka ya pili, ya tatu, likaenda kusimama kwenye kiatu cha mgeni mkuu.

Mgeni akainama, akalitazama.

"Hiki ni nini?" mgeni akauliza.

Waziri Makwinya ni msomi, hakosi jibu. "Hiki, Mheshimiwa, ndicho chakula cha jana."

Basi, upepo ukishatoka, kinachobaki mdomoni ni maneno. Watu wakaanza kusema, mwanzo kidogo kidogo, kama wanaojaribu meno mapya. Wengine waliomba maji. Wengine waliuliza kuna nini cha kula. Kutoka jukwaa la wanawake ikasikika sauti nyembamba ya Mwanaidi: "Nilikuwa nasema hapana! Siku ile nilikuwa nasema hapana!" na Bwana Fulani akaonekana anatafuta mlango wa kutokea.

Mama Chausiku alishafika jukwaani. Bwana Kipunguni akamzuia kwa fimbo, ila hata yeye mashavu yalikuwa yamemlala, na fimbo ilionekana nzito.

"Mama, rudi nyuma. Huyu ni mali ya Wizara."

"Mshike shavu," akasema Mama Chausiku.

"Nini?"

"Nimesema mshike shavu. Pima. Si kazi yako?"

Afisa akanyoosha vidole viwili, akashika. Vidole vikagonga jino. Akajaribu la pili. Jino. Akatazama kulia na kushoto, akashusha sauti.

"Wa kwako, mama. Wizara haina mtoto kama huyu."

Mama Chausiku akamfunga mwanawe mgongoni kwa kanga, soksi za pamba zikaanguka njiani, wakatoka getini. Hakuna aliyewafuata. Mtoto mwenye afya ni wa taifa, lakini aliyekonda ana mama yake.

Jioni hiyo redio ilieleza kilichotokea. Kulikuwa na badiliko dogo la hali ya hewa, na mashavu yote yako salama. Hata hivyo, Wizara imeonelea kuachana na Kipimo cha Shavu na kuanza Kipimo cha Kivuli, kitakachochukuliwa jua linapokuchwa, saa ambayo hata mgonjwa wa kitandani akitolewa nje ana kivuli cha kuridhisha. Baba Mlezi, kwa sababu ya uchovu, amekwenda ng'ambo kupumzika. Ndege tatu.

Mama Chausiku alifungua pembe ya kanga. Mbegu za mchicha ni ndogo kuliko chawa, hata afisa mwenye macho manne hazioni. Alizimwaga nyuma ya choo, mahali ambapo hakuna mkubwa atakayekuja kutembelea, akamwagilia kwa maji ya vyombo. Mlenda ulijiotea wenyewe, kama kawaida yake, hausubiri tangazo. Bi Mwanakombo akaleta kunde alizozificha ndani ya mto wa kulalia, wakala, wakampelekea na muuza mkaa.

Na siku zikaenda, na mtoto akala, na kile ambacho mama yake alikiombea usiku na mchana kikaanza kutokea. Yakaanza kurudi. Kwanza chini ya macho, halafu pembeni mwa mdomo, taratibu, kama unga unaoumuka. Mama Chausiku aliyatazama akafurahi hadi akaogopa, akaogopa hadi akaenda kuchukua masizi.

Mchana mmoja Chausiku alikaa jikoni mbele ya sahani, tonge la ugali wa mtama limezama kwenye mlenda, amelitia lote mdomoni kwa uroho, mashavu yamejaa, mara hii si upepo. Nje breki zikalia. Mlango wa gari ukafungwa. Viatu vikaja kwenye changarawe, vya watu wasio na haraka.

"Hodi humu ndani! Tumesikia kuna mtoto hapa ana kivuli kizuri!"

Chausiku akaacha kutafuna. Akamtazama mama yake, akiwa na mashavu yale mawili ya maandazi, akingoja neno. Mama Chausiku alikuwa ameshafungua mdomo, na neno lile la zamani lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Akalirudisha. Alichovya kidole chini ya sufuria, akampaka paji la uso, shavu la kulia, shavu la kushoto, akaenda kusimama mlangoni akaujaza mlango kwa mwili wake.

"Meza, mwanangu," akasema bila kugeuka. "Meza kwanza. Hodi haiozi."